Sentimita Nne

Miguu ya baba yake ilikuwa imechomoza chini ya gari, viatu vimeng'arishwa, soksi zimevutwa juu kama za mwanafunzi, na kutoka huko chini ilisikika tepu ya chuma ikivutwa: krrr. Dada Mauzo alisimama pembeni na tabasamu lake la kazini, lile alilolivaa kila asubuhi pamoja na beji.

"Ishirini na moja," baba alisema kutoka chini.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akisugua goti lake la kulia. Tajiri mwenye yadi alikuwa mlangoni pa ofisi, mikono mfukoni, akijifanya anaangalia mawingu.

Baba alijitoa chini ya gari taratibu, akajipangusa vumbi, akachomoa kijitabu chake cha kumbukumbu kwenye mfuko wa shati. Mzee huyu alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na tano kabla ya kustaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Alipima mlango kabla ya kununua kabati, na siku mkwe wake mmoja alipoleta keki ya harusi, aliipima ile keki. Kwa hiyo kabla ya kuja kununua gari alikuwa ameazima kitabu cha gari kama hilo kwa jirani, akakisoma mwanzo hadi mwisho, na miwani yake puani.

"Kitabu kinasema kutoka ardhini hadi tumboni ni sentimita kumi na saba," alisema. "Tepu yangu inasema ishirini na moja. Kitinda, nani mwongo hapa?"

Kitinda ndiye Dada Mauzo. Nyumbani alikuwa kitindamimba, wa mwisho kati ya watano, na jina hilo lilimfuata hata alipofikisha miaka thelathini na minne na kupewa meza yenye kalenda.

Sasa, ili ujue kwa nini swali dogo kama hilo lilimkausha mate, ni lazima ujue biashara yao.

Pale yadini waliuza magari ya aina nyingi, lakini yaliyowaweka mjini yalikuwa yale waliyoyaita vijogoo. Kijogoo ni kigari kifupi kilichoinuliwa. Kinaegeshwa popote linapoegeshwa gari dogo la kwenda sokoni, ila kinasimama kifua mbele, na ukikitazama usoni unadhani ni gari la kupasua porini. Fungua boneti sasa: injini ya kunywa mafuta kwa kijiko. "Sura ya simba, tumbo la paka," ndivyo Dada Mauzo alivyowaambia wateja, nao walicheka, na mteja akishacheka kalamu haiko mbali. Miaka saba hakuwahi kuuza hata kimoja kwa kueleza mashine. Aliuza kimo. Mtu anataka kuona mbele, anataka kuonwa, anataka jirani aliyejenga ghorofa amsalimie kwanza, na anataka yote hayo bila kufilisika kwenye kituo cha mafuta. Kabla mteja hajafika, Dada Mauzo alipandisha kiti cha dereva hadi mwisho. Mteja akiketi anajiona yuko kwenye jukwaa, na hapo maneno mengi ya nini?

Lakini wateja nao si wajinga. Kila mmoja aliinama kuangalia chini. Wengine walipima kwa ngumi, wengine kwa kiatu, na mmoja alikuja na kreti la soda akalisukuma uvunguni kuona kama litapita. Yadi ya jirani iliuza magari yaleyale. Ndipo fundi wao, mtu mpole mwenye mikono ya dhahabu, akabuni kitu alichokiita mchuchumio. Alichonga vipande vya raba ngumu kutoka kwenye tairi kuukuu la lori, akavibana katikati ya mizunguko ya springi, kila gurudumu na chake, na gari likainuka vidole viwili. Sentimita nne. Vilivishwa hivyo vijogoo vya mstari wa mbele tu, vile vinavyotazama barabara.

Na sheria ilikuwa moja, haina mjadala: gari halitoki getini likiwa limevaa mchuchumio. Mteja akilipia, fundi anaomba nusu saa "ya kuliandaa", analivua, na gari linatoka na kimo lilichozaliwa nacho. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba limefupika. Mtu akishanunua hapimi tena. Anaosha.

Isipokuwa huyu.

"Nani mwongo, Kitinda?" baba alirudia.

Kusema kweli kungechukua pumzi moja. Baba, ni raba, tunazitoa. Lakini tajiri aliacha kuangalia mawingu akamwangalia yeye. Na kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko tajiri. Kwa miaka saba baba alikuwa akiwaambia watu kwamba watoto wake wanne wana kazi na wa tano anapiga debe. Hakuwahi kukanyaga yadini hapo. Leo amekuja mwenyewe, na mkewe, na akiba yake, kununua kwa binti yake. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

"Wote wawili wa kweli, baba," alisema. "Haya yameinuliwa huko yalikotoka. Kwa ajili ya barabara mbovu."

Baba alimtazama. Macho yale yalikuwa yameangalia mipaka ya mashamba ya ndugu wanaogombana, na yalijua mtu anaposogeza jiwe. Kisha mzee akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye kijitabu, akakirudisha mfukoni.

"Basi sawa," alisema. Halafu akasema lile neno ambalo binti yake alilingoja tangu siku ya kwanza aliyovaa beji. "Kumbe kazi yako unaijua. Mimi nilidhani unapiga kelele tu."

Mama akaingia kulijaribu. Alipanda kutoka kwenye kibaraza cha vigae kilichoinuka kando ya mstari wa mbele, kibaraza ambacho nacho hakikujengwa kwa bahati mbaya. Akaketi, akacheka. "Jamani! Lile gari letu la zamani nilikuwa naangukia ndani kama gunia. Hapa naketi kama mtu."

Tajiri mwenyewe ndiye aliyeleta funguo, anameremeta.

"Baba, ngoja nusu saa," Dada Mauzo aliwahi kusema. "Fundi ametoka kidogo. Akirudi aliandae."

"Liandaliwe nini? Limeoshwa, lina mafuta, lina namba." Baba aliangalia saa. "Daktari wa magoti anampokea mama yako saa tisa, na huko bondeni ni mwendo. Nikichelewa tutapewa tarehe ya mwezi ujao."

"Nusu saa tu, baba."

"Kuna kasoro?"

Tajiri akakohoa. Mama alikuwa ameshaanza kufunga mkanda.

"Hapana," Dada Mauzo alisema. "Hakuna kasoro."

Baba alichukua simu yake na mkoba wa mama wenye simu ya mama, akavifungia kwenye buti. Ndiyo desturi yake. Simu na usukani ni wake wenza, alipenda kusema, hawakai nyumba moja. Akaweka kipima safari kwenye sifuri, akaangalia vioo vyote vitatu, akatoka getini kwa mwendo wa bwana harusi. Dada Mauzo alipunga mkono hadi gari likapotea kwenye kona. Alijiambia kwamba mbaya zaidi raba itachomoka njiani, gari litashuka kidogo, na wiki ijayo atamwita baba kwa sevisi ya bure. Nafsi ikitaka kudanganywa haihitaji muuzaji hodari.

Fundi alirudi baada ya dakika arobaini, amebeba betri mpya begani. Alisimama mbele ya nafasi tupu iliyobaki kwenye mstari wa mbele, akaangalia kushoto na kulia.

"Kile cha rangi ya fedha kiko wapi?"

"Kimeuzwa. Baba yangu amekichukua."

"Amekichukuaje? Nani amekivua?"

Fundi aliteremsha betri chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Dada," alisema, "zile raba za mbele zilikuwa zinateleza. Jana nilizifunga kwa waya."

"Waya gani?"

"Waya wa kufungia nondo. Nilikuwa nimeishiwa mipira. Nikasema gari limesimama tu, litakwenda wapi?" Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Ncha za ule waya zinatazama paipu ya breki. Gari likisimama hazigusi. Ukikata kona, springi inazunguka na usukani, ncha inakwangua paipu. Kila kona inakwangua. Anakwenda wapi huyo mzee?"

"Bondeni."

Njia ya bondeni kila mtu aliijua: kilomita arobaini na sita za kupanda na kupindapinda, kisha mteremko mmoja mrefu, mlima upande huu na shimo upande ule, ambako breki ndiyo kila kitu.

Dada Mauzo alipiga simu ya baba. Iliita hadi ikakata. Ya mama, vivyo hivyo. Aliziona zote mbili akilini, zikilia pamoja gizani kwenye buti lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisifia kwa upana.

Aliingia ofisini mbio. "Tajiri, naomba funguo za gari la majaribio."

"Za nini?"

Akamweleza. Tajiri alisikiliza huku akipanga kalamu zake mezani. "Tulia," alisema. "Gari la siku moja halifeli breki. Akifika salama atakupigia. Lakini ukimkimbilia barabarani na kumwambia tunavisha magari, kesho tutamwambia nani kwamba hatuvishi? Mteja mmoja akijua, mji mzima umejua."

"Mteja mwenyewe ni baba yangu!"

"Ndiyo vizuri. Baba hamshitaki mwanawe."

Dada Mauzo alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, akageuka, akachomoa funguo kwenye ubao ukutani.

"Ukitoka na gari hilo usirudi," tajiri alisema.

"Gari litarudi, tajiri. Mimi sijui."

Fundi alikuwa tayari ameketi ndani, sanduku la vifaa magotini, jeki na paipu mbili mpya za breki miguuni. Waliondoka.

Gari la majaribio nalo lilikuwa kijogoo, ndugu wa lile la fedha, ila la mstari wa pili, halikuvaa kitu. Dada Mauzo aliketi juu kwenye kile kiti alichokipandisha mwenyewe asubuhi, na kweli aliona mbali. Aliona paa za magari mbele yake moja baada ya jingine, aliona kilima kinachofuata na barabara ikipanda mgongoni mwake. "Unaona mbele, mama, hakuna kitakachokushtukiza," ndivyo alivyowaambia wateja. Aliona kila kitu isipokuwa gari la rangi ya fedha.

"Atasimama wapi?" fundi aliuliza. "Wazee husimama."

"Kila kilomita hamsini. Anazunguka gari, anapiga matairi teke, anaandika."

Wote wawili walipiga hesabu kimyakimya, na wote wawili wakafika palepale. Kilomita ya hamsini ilikuwa ndani ya mteremko. Nidhamu ya mzee, iliyomlinda barabarani maisha yake yote, leo ingemsimamisha akiwa amechelewa kilomita nne.

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho Dada Mauzo alishusha kioo, akamuuliza mhudumu kama ameona gari kama hilo, mzee mwenye miwani. "Aliyeomba upepo wa matairi upimwe mara mbili? Ameondoka sasa hivi, robo saa hivi." Robo saa. Akakanyaga mafuta, na hapo ndipo lile tumbo la paka lilipomlipa. Mbele yao lori la saruji lilikuwa linapanda kilima kwa kuguna. Alitoka kulipita, injini ikalia kwa sauti kubwa na gari lisiende popote. Akaona basi likija kwa mbele, akarudi nyuma ya lori. Alijaribu tena. Akarudi tena. Aliwahi kumwambia nani kwamba injini hii ina nguvu ya kutosha? Aliwaambia watu mia na zaidi.

"Taratibu, dada," fundi alisema. "Tukifa sisi hakuna wa kumwambia."

"Kwa nini hukuniambia habari ya waya?"

"Kwa nini ulimruhusu atoke?"

Lori lilipofika kileleni na kujisogeza pembeni, Dada Mauzo alilipita akilia, machozi yanamwagika tu bila sauti, na hakuyafuta kwa sababu mikono miwili ilikuwa na kazi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imebakiza kilomita tatu. Alijaribu kukumbuka kona zote kuanzia yadini, akizihesabu kama mtu anayehesabu visu, akashindwa baada ya ishirini.

Alikumbuka pia jambo ambalo hakulihitaji wakati huo. Alikuwa na miaka tisa, likizo, na baba akimchukua mashambani. Kazi yake ilikuwa kusoma tepu. Baba alishika ncha huku, yeye akakimbia na tepu hadi kwenye kigingi, akainama, akasoma kwa sauti kubwa: "Arobaini na mbili na nusu!" Baba, akiwa mbali, aliandika palepale. Hakuwahi kuja kuangalia. Wenye mashamba waliponung'unika kwamba ni mtoto, alisema, "Akisoma huyu nimesoma mimi."

"Lile pale!" fundi alipaza sauti.

Kwenye uwanda wa kokoto kando ya barabara, hatua chache kabla ya kibao cha kutahadharisha mteremko, gari la fedha lilikuwa limesimama. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, kitenge kimefunika magoti. Chini ya gari ilichomoza miguu, viatu vimejaa vumbi.

Dada Mauzo alisimamisha gari vibaya, akashuka akikimbia, akaanguka, akainuka. "Mama! Mko salama? Baba! Toka chini ya gari, baba!"

"Kitinda?" Mama alishangaa. "Umefuata nini? Tumesahau kitu?"

"Kwa nini mmesimama?"

Mama aliona haya, akacheka kidogo. "Mimi ndiye mkorofi. Nilitaka kuchimba dawa. Baba yako akasema ningoje kilomita ya hamsini. Nikamwambia kilomita ya hamsini utaifikia wewe, mimi nashuka hapa. Basi nikashuka. Sasa kurudi ndani ndiyo imekuwa kazi. Kule yadini nilipanda kama binti, hapa mguu haufiki. Nimejaribu mara tatu, goti linakataa. Baba yako akasema haiwezekani, gari ni lilelile, akatoa tepu yake."

Krrr, ilisikika kutoka chini.

Mzee alijitoa uvunguni. Alikuwa na vumbi kichwani, na mkononi ameshika kipande cheusi cha raba kilichokuwa na meno ya tairi la lori upande mmoja, waya ukining'inia.

"Ishirini na moja, ishirini na moja, ishirini na moja, kumi na tisa," alisema. "Pembe nne za gari moja. Hiki nimekikuta kimening'inia gurudumu la mbele. Ni nini hiki?"

Fundi alifungua mdomo, lakini Dada Mauzo alimwahi.

"Ni raba, baba. Tunazibana kwenye springi ili gari lionekane refu. Tunazitoa kabla mtu hajaondoka. Lako halikutolewa. Ya kweli ni kumi na saba, kama kitabu kilivyosema."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema alijua baadaye, fundi aliporudi. Hata fundi asingempinga.

"Nilijua wakati nakujibu."

Upepo ulipita juu ya kokoto. Fundi hakungoja amri. Alipiga jeki, akalala chini, akamulika tochi. Alikaa muda. Kisha akaita kwa sauti ndogo, "Mzee, njoo uone." Baba akainama. Paipu ya breki ya gurudumu la mbele ilikuwa imechanika ngozi ya juu, nyuzi zake za ndani zimetokeza nje kama za kitambaa kilichochoka, na kwenye nyuzi hizo unyevu ulikuwa unang'aa.

"Hii ingefika wapi?" baba aliuliza.

Fundi alitazama upande wa kile kibao cha mteremko, akarudisha macho chini.

Mama alishika mdomo. Dada Mauzo alipiga magoti kwenye kokoto mbele yake, akaweka kichwa mapajani pake, akasema nisamehe mama, nisamehe, mara nyingi hadi maneno yakapoteza umbo. Mama alimpapasa mgongo. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Ilichukua zaidi ya saa nzima. Fundi alikata nyaya, akagonga raba tatu zilizobaki zikatoka, akabadilisha paipu zote mbili za mbele. Kutoa hewa kwenye breki kulihitaji mtu wa pili, na Dada Mauzo aliketi kwenye kiti cha dereva akikanyaga kwa kuamrishwa: kanyaga, shikilia, achia, kanyaga, shikilia, achia. Mguu ulimuuma na hakuomba kupumzika. Baba alisimama kando, mikono mgongoni, akiangalia kila nati ikikazwa.

Jeki iliposhushwa, gari lilikaa chini. Tofauti ilikuwa ndogo, mpita njia asingeiona.

"Hebu," mama alisema. Aliinuka kwenye jiwe, akakongoja hadi mlangoni, akageuka kinyumenyume, akaketi. Alikaa moja kwa moja, bila kuinua mguu, bila kuangukia ndani, bila kushikwa mkono. Nyonga na kiti vilikutana kama vilivyopimwa na mshonaji. "Kumbe," alisema polepole, "lilikuwa linanifaa lilivyo."

Dada Mauzo alisikia neno hilo likimwingia hadi kwenye mifupa. Miaka saba ya kiti kilichopandishwa, kibaraza cha vigae, raba na maneno, na kigari chenyewe hakikuhitaji hata kimoja. Kingejiuza chenyewe kwa goti la mama.

Baba alichomoa kijitabu chake. Alikifungua kwenye ukurasa wa asubuhi, akampa binti yake asome. Mwandiko ulikuwa uleule wa michoro ya mashamba, mdogo na wima. *Kitabu: 17. Tepu: 21. Kitinda anasema vyote sawa.* Na chini yake mstari umepigwa, hesabu imefungwa.

"Ndugu wa damu wameniapia mpaka uko hapa, nikatoa tepu," alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Padri ameniapia, shehe ameniapia, nikatoa tepu. Leo kitabu kimenipa namba, tepu imenipa namba nyingine. Nikakuuliza wewe. Nikafunga."

"Baba..."

"Shika ncha."

Alimpa tepu. Dada Mauzo alilala kifudifudi kwenye kokoto kwa sare yake ya kazi, akabana kichwa cha tepu kwenye chuma cha tumbo la gari, akaishusha ncha hadi ardhini, akainyoosha wima, akahakikisha haina pindo. Alisoma. Akasoma tena ili awe na hakika kamili.

"Kumi na saba," alisema. Kisha kwa sauti kubwa, kama zamani kwenye vigingi, "Kumi na saba kamili, baba!"

Kalamu ya baba ilikuwa juu ya karatasi. Ilikaa hapo kidogo. Halafu akaichomeka sikioni, akajishika kiuno, akapiga magoti kwa taabu, goti moja kisha la pili, akalaza shavu lake karibu na kokoto pembeni mwa shavu la binti yake, akavaa miwani yake vizuri, akasoma mwenyewe.

Ndipo akainuka na kuandika.